Kijiti cha kulia: God Hand ilivyohukumiwa Machomane

Kibanda kiko Machomane, Chake Chake, Pemba: chumba cha mbele cha nyumba ya matofali, pazia mlangoni, PlayStation 2 tatu, TV mbili za flati, na TV moja ya chogo iliyosukumwa pembeni ikafanywa meza ya chupa za maji. Nusu saa ni shilingi 500. Kuanzia alasiri foleni ni ya gemu mbili tu, mpira na San Andreas. Kwenye flashi ya mashine ya tatu imo pia God Hand, na kila aliyeifungua aliiacha kabla ya robo saa kwisha. Lawama ilikuwa moja, karibu kwa maneno yale yale: jamaa wa kwenye gemu hasikii pedi. Wa mwisho alikuwa kijana wa bodaboda. Alimgeukia mwenye kibanda akamwambia, "Ami, nibadilishie, hii bovu," kisha akatoa simu kuonesha ushahidi. Skrini ilisema tatu kwa kumi.

Alama ile ni ya kweli. God Hand ilitengenezwa na Clover Studio, studio ya kampuni ya gemu ya Capcom, mwongozaji akiwa Shinji Mikami, ikatoka Japani Septemba 2006 na Marekani Oktoba mwaka huo huo, na IGN ya Marekani, tovuti ya uchambuzi wa gemu, ikaipa 3.0. Mikami ni yule yule aliyeongoza Resident Evil 4 ya 2005, gemu iliyosifiwa kila upande. Lakini 3.0 haikuwa kauli ya wachambuzi wote. Wastani wa God Hand kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wachambuzi, ni 73 kwa mia, maana yake wako walioipenda sana, wako walioiona ya wastani, na wako walioichukia. Anayeshika 3.0 peke yake ameokota chuya kwenye ungo akasema mchele wote ndivyo ulivyo.

Kisa cha Machomane kinafaa kuchambuliwa kwa sababu pale hukumu ilipita mikononi mwa vitu vinne kabla ya kufika kwenye gemu: pedi, TV, saa ya kibanda na mazoea ya mchezaji. Vitu vinavyoiangusha gemu kibandani vina undugu wa karibu na vilivyoiangusha magazetini mwaka 2006.

Gemu inataka nini mkononi

Gene, ndiye unayemchezesha, anaonekana kwa nyuma na kamera imemganda mgongoni. Pedi ina vijiti viwili vya kusukumwa kwa vidole gumba. Kijiti cha kushoto kinamsogeza mbele, kinamrudisha nyuma na kumzungusha, kama mtu anayekata usukani. Ukikisukuma kulia hakimbilii kulia, anageuka tu. Kutaka kugeuka nyuma mara moja ni L1. Watu walikwisha kuyaona haya kwenye Resident Evil 4. Jipya ni kijiti cha kulia. Gemu nyingi za mapigano za wakati ule ziliweka kamera pale. God Hand imeweka uhai wako.

Sukuma juu, Gene anainamisha kichwa na kiwiliwili, ngumi inapita hewani. Unaweza kusukuma tena na tena naye akaendelea kuyumba pale pale, ngumi tatu, nne, tano zikienda bure. Kulia au kushoto anachupa pembeni. Chini anapiga sarakasi ya kinyumenyume. Kitufe cha kujikinga hakuna. Kumfunga adui mmoja kwenye shabaha hakuna. Kinga yote imo kwenye kijiti kimoja chenye pande nne, na kila upande una ugonjwa wake unaoutibu. Kuinama hutibu ngumi za usoni lakini teke la chini linakukuta. Kuchupa pembeni hutibu pigo linaloshuka wima na linalokuja limenyooka. Sarakasi ya nyuma hutibu karibu kila kitu, ila inakuweka mbali, na ukirudi adui keshajipanga.

Lililo tamu zaidi halielezwi popote mwanzoni: kukwepa kunakata pigo lako mwenyewe. Umeanza ngumi nzito, ukaona mbele yako bega la mtu limerudi nyuma; kijiti juu, ngumi yako inafutika katikati na wewe umeshainama. Ndiyo maana mchezaji mzuri wa God Hand anaonekana kama hapigi, anacheza kirumbizi, ngoma ya fimbo, na mtu asiye na fimbo. Kidole gumba cha kulia hakitulii. Kinatoka kwenye vitufe, kinashuka kwenye kijiti, kinarudi.

Anayetoka kwenye San Andreas hajui haya. Anagusa kijiti cha kulia atazame mazingira, Gene anapiga sarakasi. Anagusa tena, Gene anachupa ukutani. Basi, hukumu imekwisha kuandikwa.

Juu ya hayo kuna kipimo cha ukali. Kina ngazi 1, 2, 3, na ya juu kabisa imeandikwa DIE, yaani kufa. Kila ukipiga na kukwepa kinapanda, ukipigwa kinashuka. Kikipanda, maadui wanapiga kwa nguvu zaidi, hawangoji zamu, na walio nyuma yako nje ya picha wanaingia pia. Kwa malipo yake, mwisho wa kila sehemu unahesabiwa fedha, na aliyeangushwa kwenye ngazi ya juu analipa zaidi ya aliyeangushwa kwenye ngazi ya kwanza. Fedha hizo ndizo zinazonunua mapigo mapya. Ukichagua ugumu wa chini kabisa kipimo hakivuki 2; ukichagua wa juu kabisa kinakaa DIE tangu mwanzo mpaka mwisho. Vijana waliosema "mara nyepesi mara inakukaba, haieleweki" walikuwa wanakiona kipimo kikifanya kazi bila kujua kwamba kipo.

Pedi iliyotengenezwa kwa ajili ya mpira

Hapa ndipo kisa kilipo hasa, na ndipo panapostahili muda.

Pedi ya mashine ya tatu ilijaribiwa hivi. Maadui wote wa uwanja wa kwanza waliondolewa ili Gene abaki peke yake mahali pa wazi. Kijiti cha kulia kikasukumwa juu mara 20, kwa kasi ya kawaida ya mkono, kikiachwa kirudi katikati kila mara. Gene aliinama mara 11. Kulia mara 19, kushoto mara 20, chini mara 17. Kisha kidole kikaondolewa kabisa, na ndani ya dakika mbili Gene akainama mwenyewe mara mbili bila kuguswa. Pedi nzima hutoa 20 kila upande na haifanyi lolote ikiachwa. Jaribio hili halihitaji kifaa, na yeyote mwenye kibanda anaweza kulifanya kabla ya kumlaumu mtengenezaji wa gemu.

Kwa nini 11? Chini ya kila kijiti kuna vipimo viwili vidogo vya ukinzani, kimoja cha juu na chini, kingine cha kulia na kushoto. Ndani ya kila kimoja ulimi mwembamba wa shaba unateleza juu ya njia ya kaboni, na mashine inasoma umeme unaopita ili ijue kijiti kiko wapi. Kaboni inakwanguka kwa kusuguliwa. Unga wake, jasho la vidole, na hewa ya chumvi ya kisiwa inayokula hata bawaba za milango vinajikusanya mle. Ikichakaa katikati, mashine inasoma mtikisiko ambao haupo, ndiyo yale ya Gene kujiinamia mwenyewe. Ikichakaa pembeni, unasukuma mpaka mwisho na mashine inadhani umefika nusu, na nusu haitoshi kuinama.

Lakini mbona kijiti cha kulia, wakati kinachosulubiwa na mpira ni cha kushoto? Jibu lilipatikana pedi ilipofunguliwa. Miezi kadhaa nyuma kijiti cha kushoto kilichoka, wachezaji uwanjani wakawa wanakwenda upande bila kuagizwa. Spea haikuwepo. Fundi akahamisha kijiti kizima cha kulia kwenda kushoto, na kilichochoka akakipachika kulia. Kwa kibanda kinachoishi kwa mpira huo ni ufundi wa busara kabisa, maana kwenye mpira kijiti cha kulia ni pambo, na kwenye San Andreas kamera ikiyumba kidogo mtu anavumilia. Hakuna aliyeona tofauti. Gemu moja tu kibandani iliweka roho ya mchezaji kwenye kijiti cha kulia, na hiyo ndiyo iliyobeba lawama.

Usafishaji ulikwenda hivi, na anayetaka kuurudia autazame mpangilio. Pedi inachomolewa. Skrubu zote za nyuma zinafunguliwa, kifuniko kinainuliwa polepole huku vitufe vya L na R vimeshikwa kwa kidole, maana springi zake huruka na kwenye sakafu ya saruji hazionekani tena. Mota mbili za mtetemo zimekaa kwenye mishikio; nyaya zake ni nyembamba, zisivutwe. Utando wa plastiki wenye madoa meusi chini ya vitufe usikunjwe hata kidogo, ukipasuka pedi imekufa. Kifuniko kidogo cha kila kipimo kinabanuliwa kwa ncha ya kisu chembamba, njia ya kaboni inafutwa kwa pamba ya masikio iliyolowa kidogo tu alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ulimi wa shaba nao unafutwa, kisha vinaachwa vikauke robo saa. Spiriti yenye rangi, ile ya kuwashia jiko, haifai, huacha utando. Mafuta ya kulegeza skrubu ndiyo mabaya kuliko yote: siku mbili za kwanza kijiti kinateleza vizuri, wiki ya pili vumbi limeshikana na mafuta na kazi ni ya kuanza upya.

Baada ya kusafishwa, kuinama kulipanda kutoka 11 hadi 16. Bado haitoshi, mtu anayepigwa mara nne kati ya ishirini bila kosa lake hajifunzi kitu. Njia ya kaboni ilikuwa imekwanguka mpaka rangi ya chini inaonekana, na ikifika hapo kusafisha ni kujichosha. Kijiti kizima kilitolewa kwenye pedi iliyokufa ya mashine nyingine na kupachikwa. Kazi ni ya miguu 14 ya kuyeyusha risasi, na kosa la kawaida ni kuacha pasi ya kulehemu juu ya mguu mmoja kwa muda mrefu mpaka ubao unaachia shaba yake. Yeyusha, nyonya risasi, hamia mguu wa mbali, rudi baadaye. Kijiti kipya kilitoa 20 kwa 20 pande zote.

TV na flashi

Mashine ya tatu ilikuwa imeungwa kwenye flati ya inchi 32 kwa waya wa njano. PS2 kwa kawaida inatoa picha ya mistari inayopishana, nusu nusu. TV ya flati inabidi iziunganishe nusu hizo, izikuze zienee kwenye kioo, ing'arishe rangi, ndipo ioneshe. Kazi hiyo inakula muda, milisekunde 50, 80, wakati mwingine zaidi ya 100, kutegemea TV. God Hand inakwenda kwa picha 60 kwa sekunde, yaani kila picha inaishi milisekunde 17 hivi. Ucheleweshaji wa milisekunde 80 ni karibu picha tano zilizopita kabla macho hayajaona chochote. Kwenye mpira mtu huzoea, anaanza kupiga pasi mapema kidogo bila kujijua. Kwenye mchezo ambao ishara ni bega linalorudi nyuma, picha tano ni kofi la uso.

Kupima ni rahisi kwa simu yenye kurekodi mwendo wa pole wa picha 240 kwa sekunde. Iwekwe mahali inapoona kidole na skrini kwa pamoja, kijiti kisukumwe mara kumi, kisha zihesabiwe picha tangu kijiti kinapofika mwisho hadi Gene anapoanza kusogea. Kwenye flati ya kibandani idadi ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya TV ya chogo. Chogo haina kazi ya kuunganisha wala kukuza. Mstari ukifika unachorwa. Chupa za maji zikahamishwa.

Asiye na chogo afungue menyu ya TV atafute hali ya gemu, azime kulainisha mwendo na kupunguza chenga, na akiweza atumie waya wenye vichwa vitatu vya picha, kijani, bluu na nyekundu, badala ya ule mmoja wa njano. Vijisanduku vya bei nafuu vya kugeuza waya wa njano kuwa HDMI havisaidii; kazi inabaki ile ile, tena na kungoja kwa sanduku lenyewe kumeongezeka.

Flashi ilishitakiwa pia, kwa kukwamakwama kwa video. Hiyo si gemu. Bandari ya USB ya PS2 ni ya kizazi cha kwanza, 1.1, na hata kwa hesabu ya karatasi haivuki megabaiti moja na nusu kwa sekunde, wakati kisomea DVD cha mashine hiyo hiyo kinavuka tano. Video zikitiririshwa kutoka flashi lazima zikohoe. Mapigano yenyewe hayakohoi kwa sababu uwanja umekwisha kupakiwa kwenye kumbukumbu kabla hujaanza. Faili lililokatikakatika kwenye flashi huleta kuganda au kukataa kuanza kabisa. Dawa ni kufuta flashi yote kwa mfumo wa FAT32 na kunakili upya faili moja baada ya jingine, bila kufutafuta katikati.

Nusu saa na kadi ya memori

Hata pedi na TV zingekuwa nzima, kibanda kina sheria moja inayoinyonga gemu hii: unalipa kwa saa, na kadi ya memori ni ya wote. Kadi ya megabaiti 8 ilikuwa imejaa ligi za mpira. Hakuna aliyeweza kuhifadhi God Hand. Kila kijana alianza mwanzo kabisa, na mapigo ya mwanzo kabisa, akiwa hana fedha, akaishia mahali pale pale. Gemu ina mapigo zaidi ya mia, na kila mmoja wao aliyahukumu yale machache ya kwanza. Ni kama kuhukumu biriani kwa kuonja maji ya kuoshea mchele.

Mapigo haya hayaji yenyewe. Unayapanga. Kitufe cha mraba kinabeba mfululizo, pigo la kwanza, la pili, la tatu na kuendelea, kwa mpangilio unaoutaka wewe. Pembetatu na msalaba kila kimoja kinabeba pigo la peke yake, na vitufe vyote vitatu vinabeba jingine ukivuta kijiti cha kushoto nyuma. Wanaoanza hukosea namna ile ile: wanaliweka pigo zito zuri la kutazama mwanzoni mwa mfululizo. Adui anakupiga kabla mkono haujafika. Mfululizo mzuri unaanza na ngumi fupi mbili au tatu za haraka na kuishia na pigo la kurusha. Pigo la kuvunja kinga liwekwe peke yake, kwenye pembetatu kwa mfano, kwa sababu maadui wanajikinga na hutaki kumaliza mfululizo mzima ndipo ulifikie. Ukiona mikono ya adui imepanda usoni, acha mraba, pembetatu mara moja, rudi mraba.

Kadi ya pili iliwekwa kwenye tundu la pili, ikaandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Kuhifadhi ni baina ya sehemu na sehemu. Umeme ukikatika katikati, au uniti za tukuza, umeme wa kulipia kabla, zikiisha, sehemu hiyo yote imepotea. Kwa hiyo kibanda kilikubali jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko kulehemu: anayecheza God Hand auziwe sehemu, asiuziwe dakika. Akimaliza sehemu, ahifadhi, ainuke.

Hapa undugu na 2006 unaonekana wazi. Mchambuzi wa gazeti naye ana saa inayomhesabia, na gemu iliyojificha chini ya saa kumi za kwanza inamfika ikiwa na mapigo machache, kipimo kisichoelezwa na mazoea ya kamera huru. Alama inachapishwa wiki hiyo hiyo na inabaki ilivyo.

Jioni tano

Watatu kati ya walioikataa walikubali kurudi. Kila jioni kilibadilishwa kitu kimoja tu, ili ijulikane kipi kimesaidia.

Jioni ya kwanza walielezwa kazi ya kijiti cha kulia, pedi ikiwa ile ile mbovu. Maelezo hayakusaidia kitu. Walijua la kufanya na mashine haikuwatii, wakakasirika zaidi. Jioni ya pili pedi mpya, flati ile ile: wote watatu walivuka pale walipokuwa wakifia, ila kwa kupigwa sana. Jioni ya tatu ilikuja chogo, na ndipo kibanda kiliponyamaza. Yule wa bodaboda alizingirwa na wahuni wawili. Wa mbele akarusha ngumi, kijiti juu. Ya pili, juu. Ya tatu, juu. Zote hewani. Akajibu kwa mraba mara nne, wa nyuma akaingia, akachupa kushoto, L1, wakawa wote wawili mbele yake. Kipimo kikagonga 3. Waliokuwa wakingoja zamu ya mpira walisogea. Mmoja akasema, "Yakhe, kumbe anasikia."

Jioni mbili za mwisho zilikuwa za kadi ya memori. Wawili walinunua mapigo, wakapanga na kupangua mifululizo yao, wakabishana kuhusu pigo la tatu liwe lipi kama watu wanavyobishana kuhusu kiungo wa timu. DIE walifika mara chache na hawakukaa, lakini sasa waliitafuta. Fedha iko huko.

Makosa ambayo ni yake

Kuitetea gemu si kuipaka asali. Mandhari ya God Hand ni makavu: kuta zile zile, milango ile ile, uwanja mtupu wenye mapipa. Maadui wanajirudia. Kamera haiwezi kuzungushwa kwa uhuru, na ukisukumwa kwenye kona nyembamba unapigana na ukuta. Haya yalisemwa 2006 na yalisemwa kwa haki. Vichekesho vyake vingine vinawadhalilisha wafupi na wanaume wenye mwendo laini. Asiyecheka hana kosa.

Liko na jingine, la kisiwani hasa. Mzee wa jirani aliposikia jina maana yake ni Mkono wa Mungu, na kuona kwamba baina ya sehemu mchezaji anafika dukani kwenye mashine za kamari, karata na mbio za vijibwa, alimwambia mwenye kibanda hapendi watoto waione. Mzee huyo hajaidhulumu gemu. Hakusema mapigano ni mabovu. Amepima kitu kingine kwa mizani nyingine, na mizani hiyo ina haki yake Pemba. Marekani pia gemu hii iliwekwa daraja la miaka 17 na zaidi. Kibanda sasa kinaifungua baada ya isha, kwa wakubwa, na kamari hailazimishwi na gemu: fedha za mapigano zinatosha kununulia.

Pia inasemwa vijiweni kwamba alama ya IGN ndiyo iliyoua Clover Studio. Tarehe hazikubali. Capcom ilitangaza kuifunga studio hiyo Oktoba 2006, mwezi ule ule gemu ilipoingia Marekani, kwa hiyo alama haikuwa na muda wa kuiua, na studio hiyo haikutoa gemu nyingine baada yake. Watu wa Clover walikwenda kuanzisha kampuni iliyokuja kuwa PlatinumGames, waliotengeneza Bayonetta ya 2009, na humo kukwepa kwa wakati ndiko kunakokulipa. God Hand yenyewe ilirudi kuuzwa Marekani kwenye duka la mtandao la PlayStation 3 mwaka 2011, miaka mitano baada ya kupewa tatu kwa kumi.

Wa tatu kati ya wale vijana alicheza jioni zote tano, kwa pedi nzima, kwenye chogo, na kadi yake, akafika mbali kuliko wenzake. Kisha akasema haitaki. Alieleza kwamba akibanwa ukutani kamera inamziba, anamsikia mtu nyuma yake na hamuoni, na L1 inamgeuza akiwa amekwisha kupigwa. Akarudi kwenye mpira. Lawama yake, tofauti na ile ya mwanzo, ilikuwa ya gemu yenyewe.